Waliomtembeza Mzee Sharif

Alhamisi asubuhi Mwanahija alikuwa barazani akipara changu, ncha ya kamba imefungwa kwenye kifundo cha mguu wake. Ncha ya pili ilikuwa kiunoni mwa babake, Mzee Sharif, aliyekaa kwenye kigoda akijibandika magamba ya samaki mkononi, moja moja, kwa makini sana. Kamba ilikuwa yake mwenyewe, ya kuvulia kasa. Kisiwani Koyama kasa huvuliwa kwa chaza, samaki mwenye kinyonyeo bapa utosini: hufungwa kamba mkiani, huachiwa majini, humganda kasa, na mvuvi huvuta pole pole. Mzee Sharif alikuwa bingwa wa kazi hiyo, na alizoea kuzungumza na chaza wake kwa upole kuliko alivyozungumza na wanawe. Siku hizi kamba ilikuwa ya kumzuia yeye asiingie baharini na kanzu yake.

Mzee Sharif alikuwa anasahau. Alianza na majina ya miamba, akaja majina ya wajukuu, kisha akasahau kwamba mkewe amefariki, ikawa kila adhuhuri anauliza mbona hajarudi kisimani. Mwishowe akamsahau Mwanahija. Alimwita bibi mwenye nyumba, akamshukuru kwa kumpa malazi mtu asiyemjua, na kila jioni alimwomba ruhusa arudi kwao. Kwao ni hapo hapo. Nyumba aliijenga yeye, na mawe yake aliyachimba yeye. Mwanzo Mwanahija alilia. Baadaye aliacha, kwa sababu mgeni huyu alikuwa na adabu kumshinda baba aliyemlea.

Hayo yalikuwa ya ndani ya nyumba. Nje, kisiwa kizima kilijua jambo jingine: kusahau kwa Mzee Sharif kulikuwa kumejaa mpaka kunamwagika. Ukitembea naye bega kwa bega kutoka msikitini hadi kisimani, unafika kisimani umesahau kitu kimoja. Si viwili. Kimoja tu, kile kilicho juu kabisa moyoni mwako wakati ule.

Wa kwanza kuligundua alikuwa Mukhtari mwenye duka. Mukhtari alikuwa amesoma kasida kwenye Maulidi, mbele ya wageni kutoka kisiwa jirani cha Chovai, na katikati ya kuvuta sauti, sauti ikamkatika, ikatoka kama ya mbuzi anayekanyagwa. Tangu hapo hakulala vizuri. Akifunga macho, anaisikia. Akimpimia mteja sukari, anaisikia. Siku moja alimkuta mzee karibu na makaburi amepotea njia, akamshika mkono akamrudisha nyumbani, na walipofika mlangoni Mukhtari alikuwa na uso mweupe, mwepesi, wa mtu aliyetoka kuoga. Ijumaa iliyofuata akasimama msikitini kuomba asome kasida. Watu wakatazamana, wakaelewa.

Basi wakaanza kuja. Bi Kaltuma, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amebeba neno moja la mumewe, kwamba samaki wa kupaka wa mke mwenza ni mtamu kuliko wake. Mume alilisema mdomo umejaa, akameza, akaendelea na maisha. Bi Kaltuma hakuendelea. Lilimkaa kooni miaka na miaka, na mume alikula samaki mwenye chumvi nyingi muda wote huo bila kujua kwa nini. Siku Bi Kaltuma alipotembea na mzee hadi kisimani, alirudi nyumbani akamsalimia mumewe kwa tabasamu, na mume akaogopa, akaenda kulala kwa mke mwenza.

Faris, nahodha wa boti ya Kismayo, alitaka kusahau fainali ya mpira ambayo timu yake ilifungwa mabao aibu kuyataja. Akatembea, akasahau. Jioni yake akaikuta fainali hiyo hiyo kwenye simu, akakaa kuitazama kwa matumaini makubwa. Kesho yake alirudi kwa mzee. Mambo hayo yaliendelea mpaka mkewe akaificha simu. Hata Maalim Hussein, imamu wa msikiti, alionekana akimtembeza mzee kuzunguka msikiti, akatoka hapo akichekacheka peke yake. Hakusema alichosahau, na kwa kweli hakukijua tena.

Vitu vilivyosahauliwa havikupotea. Vilidondoka mchangani, na kaa wakaviokota, kwa kuwa kaa huokota kila kitu. Kaa wa mbele ya duka walisikika wakighani kasida ya Maulidi, na walipofika pale katikati sauti zikawakatika vilevile. Mukhtari, ambaye sasa hakumbuki kitu, alitoka nje akasema kaa wa siku hizi hawana sauti.

Mwenye kutembea na mzee kuliko wote alikuwa Mwanahija, asubuhi na jioni, na yeye hakupata faida yoyote. Si kwamba hakujaribu. Lakini kilichokuwa juu moyoni mwake siku zote kilikuwa baba yake: amekula, hajala, amejikojolea, anakwenda wapi. Basi alikuwa anamsahau baba. Anamsahau kabisa, hatua moja mbili, moyo mweupe, kisha anageuka, anamkuta kando yake kanzu imeloa, anakumbuka.

Sasa Mwanahija alikuwa na jambo. Bintiye wa pekee, Layla, aliyeolewa Kismayo, alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Mama ndiye hukaa na bintiye arubaini nzima, humkanda, humpikia, humpakata mtoto ili mzazi alale. Layla hakuwa na mama mkwe, na mumewe ni baharia, leo yuko bandarini, kesho hayuko. Alikuwa akimpigia mamake simu kila siku kumuuliza atakuja lini, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo, ingawa alikuwa mwanamke mzima. Mwanahija alitamani kwenda mpaka kifua kikamuuma. Yeye ni mjane, nyumbani wako wawili tu, yeye na mzee.

Kumchukua mzee Kismayo haikuwezekana. Alishampeleka mara moja kwa daktari, na katikati ya safari Faris, aliyekaa bega kwa bega naye kwenye usukani, akasahau Kismayo iko upande gani. Walizunguka baharini siku nzima na abiria na kuku, wakatokea Burgao, kusini kabisa, mbali na Kismayo. Baada ya hapo Faris alisema kwa heshima zote kwamba Ami Sharif ni kama babake, atambebea jeneza lake, lakini botini hapandi.

Ikabaki kumwachia majirani. Mwanahija akapita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ilikuwa tayari kumtembeza mzee, hata sasa hivi, hata mara mbili. Kukaa naye ndiko kulikokosa mtu. Kumlisha uji kijiko kwa kijiko, kumbadilisha nguo, kumjibu swali lile lile mpaka magharibi, hapo kila mmoja alikuwa na mgeni anayekuja, au mgongo unaouma. Walikuwa wakimchukua mzee asubuhi na kumrudisha mlangoni kama kinu cha kuazima.

Ndugu yake Mwanahija, Ilyas, alikuwa Uingereza. Aliondoka vita vilipoanza, akapitia kambi za Kenya, akafika huko, akakaa. Kila mwaka alikuwa anajiunga na matembezi ya hisani kwa ajili ya familia zenye wagonjwa wa kusahau. Wanavaa fulana, wanazunguka ziwa moja la bustanini lenye bata, wanalia, wanakunywa juisi, wanarudi makwao. Ilyas alimtumia dadake picha, na Mwanahija aliziangalia akaona kakake amenenepa, mwili umempendeza. Siku moja alimuuliza kwa nini anatembea. Ilyas akasema kwamba akiwa anatembea hajisikii vibaya, kisha akasema ana kazi, akakata simu.

Ni yeye aliyeleta wazo. Mwanahija alikuwa juu ya tangi la maji la msikiti, mahali pekee ambapo mtandao hushika, na mzee amekaa kando yake akihesabu mawingu kwa majina ya ndugu zake.

"Dada, na nyinyi fanyeni matembezi," alisema Ilyas. "Huku watu hutembea pamoja, wakaonyesha wanajali, na familia ikapata nguvu."

"Wakishatembea, nani anakaa na mzee?"

Ilyas alisema mtandao unakatika.

Lakini fulana alizituma. Zilifika Kismayo ndani ya robota la mitumba, Faris akazileta, na kisiwa kizima kikashuka pwani kuzipokea. Zilikuwa za manjano na kubwa mno, kwani zilishonwa kwa vipimo vya watu wa huko. Kifuani ziliandikwa "Ninatembea kwa ajili ya", na chini yake pameachwa nafasi ya kuandika jina la mgonjwa. Kalamu za Koyama hazikuandika kwenye kitambaa kile, kwa hiyo nafasi ilibaki wazi.

Wale waliowahi kukaa kambini Kenya walizijua fulana za namna hii. Huko walikuwa wakipewa fulana ya kuhimiza kuosha mikono, wakatembea, wakapewa biskuti. Wakapewa fulana ya amani, wakatembea, wakapewa biskuti. Walizipokea hizi kwa utulivu wa wazoefu na kuuliza biskuti ziko wapi. Wengine waliuliza swali moja tu: je, mzee mwenyewe atakuwepo? Walipoambiwa atatangulia mbele na kwamba watazunguka kisiwa kizima, si msikitini hadi kisimani tu, fulana ziliisha saa ile ile.

Hapo Mwanahija akapiga moyo konde akatoa sharti. Atakayevaa fulana atoe alasiri moja kwa wiki ya kukaa na mzee, na atakayelala na mzee apokezane na mwenzake, mpaka arubaini ya Layla iishe. Asiyetaka aivue. Aliyasema hayo amesimama juu ya boti iliyopinduliwa, kamba mguuni, na mzee chini anampigia makofi. Watu wakashauriana kidogo. Hakuna aliyeivua. Kutoa alasiri, tena ya wiki ijayo, si kazi ngumu.

Siku ilipangwa wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali na mchanga unatosha watu. Faris alipewa simu awarekodi watu wakisema kwa nini wanatembea, maana Ilyas aliomba hivyo, huko kwao hurekodiwa. Mukhtari alisema anatembea kwa sababu mzee wa mmoja ni mzee wa wote. Bi Kaltuma alisema Mwanahija ni mwanawe, amechoka, na yeye Bi Kaltuma atakuja kila Jumatatu alasiri na uji wake mkononi, na hapo macho yakamjaa machozi ya kweli. Maalim Hussein alisema vizuri sana kwa Kiarabu. Ukweli ni kwamba kila mmoja alikuwa na lake la kudondosha. Mukhtari alikuwa amesoma kasida nyingine. Lakini walipokuwa wanasema mbele ya simu, walikuwa wanaamini, na Mwanahija aliwasikiliza akapata furaha aliyokuwa ameisahau ladha yake. Begi la kwenda Kismayo lilikuwa limeshafungwa, limewekwa nyuma ya mlango.

Kisha ahadi zikatolewa, na hapo ndipo walipokosea, na walikosea kwa kufuata mila. Koyama agano la safari humalizwa nchi kavu, chombo kikiwa bado kimeegemea magogo: nani atapata fungu gani, nani atapika, nani ataangua tanga. Kila mtu husema la kwake, Fatiha husomwa, kahawa na halwa hupitishwa, na tangu hapo ni mwiko kulitaja agano tena mpaka chombo kirudi. Hivyo ndivyo wanavyokwenda kuvua, hivyo ndivyo walivyokimbia vita, na hivyo ndivyo Maalim Hussein alivyoona yafaa kuzungukia kisiwa. Mmoja mmoja wakataja alasiri zao kwa sauti. Fatiha ikasomwa. Kahawa ikapita. Wakaishika kamba ya kasa, mzee mbele, Mwanahija ubavuni mwake, na fulana za manjano nyuma zikiwafika magotini, wakaanza kutembea na mtu wa kusahausha, ahadi zikiwa bado mbichi vichwani.

Mwanzo mambo yalikwenda kama walivyotaka. Kabla ya kufika kwenye mikoko, vinyongo vilikuwa vinadondoka kulia na kushoto. Wanaume wawili waliogombania kiwanja walitupiana mkono mabegani. Mukhtari alianza kuimba. Mzee Sharif, aliyehisi uzito kwenye kamba, aliamini yuko kazini na kwamba hao walio nyuma ni chaza wake, wengi kuliko alivyowahi kuwa nao. Alifurahi mno. Kila baada ya hatua chache aligeuka akawaambia wasife moyo, kasa wako mbele, na mara mbili alichota maji kwa viganja akawamwagia wasikauke. Waliomwagiwa walisema ahsante.

Lakini njia ya kuzunguka kisiwa ni ndefu. Vinyongo vilipoisha, kilichokuwa juu vichwani kikawa kile kilichofuata, na kilichofuata ni ahadi. Mwanahija aliligundua hilo alipoona kaa wanajipanga ubavuni mwa msafara na kuanza kuokota kwa pupa. Akarudi nyuma kwa Bi Kaltuma akamwambia Jumatatu ni yake, aishike kichwani, asiiachie. Bi Kaltuma alimkemea kwa upendo kwamba agano halitajwi kamba ikiwa mkononi, ni nuksi. Hatua chache mbele akauliza agano gani.

Mwanahija akawaendea wengine, kamba ikimvuta mguu. Aliyemkemea alisahau, na aliyesahau alitabasamu. Maalim alimwambia avumilie mpaka chombo kirudi. Akauliza chombo chenyewe ni kipi, na kwa nini yeye Maalim amevaa manjano. Walipokuwa wanaikaribia tena pwani ya kijijini, watu walikuwa wamefika mbali kwenye kusahau: Mukhtari aliliona duka lake, akalalamika kwamba limefungwa mchana kutwa, mwenyewe mtu gani huyo. Mkewe alimpeleka ndani akampa chakula, na aliposhiba akakumbuka.

Kwa ujumla wote walikumbuka ya kawaida kabla ya kulala, majina yao, wake zao, njia ya kwenda msikitini. Walikubaliana kwamba ilikuwa siku nzuri kuliko Idi. Fulana walizifua wakazianika.

Jumatatu alasiri Mwanahija alimvalisha mzee kanzu safi, akakaa barazani kungoja. Boti ya Faris ilikuwa inaondoka kesho yake asubuhi. Jua likaelekea magharibi, Bi Kaltuma hakuja, ingawa ukuta ni mmoja na kukohoa kwake kulisikika. Mwanahija akaivuta kamba, akaenda na mzee wake mpaka mlangoni kwa jirani, akamkumbusha. Bi Kaltuma alimkaribisha, akampa chai, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa anajitia hamnazo, masikini. Ahadi hakuwa nayo kweli.

"Wazo zuri hilo, mwanangu," alisema. "Ungewaambia watu siku ile walipokusanyika."

Mwanahija akatoa simu akamwonyesha. Bi Kaltuma akajitazama akizungumza, akajisikia akiahidi Jumatatu na uji mkononi, na machozi yakamtoka tena. Akaomba arudishiwe mwanzo. Akasema mama yule ana imani, dunia ingekuwa na watu kama yule ingekuwa pepo, akauliza ni mtu wa Chovai? Mukhtari naye alionyeshwa, akasema kijana yule anasema vizuri, anamwombea dua. Kuwaambia ni nyinyi hao haikusaidia. Walimwangalia kwa huruma, wakamwambia apumzike, amechoka.

Aliyekuja Jumatatu hiyo alikuwa kaa. Mwanahija aliporudi nyumbani alimkuta ameshapanda barazani, amekaa karibu na kigoda, miguu ameikunja. Alikuwa amechelewa kidogo, kwa kuwa alitoka upande wa mikoko. Jumanne akaja mwingine. Jumatano wakaja wawili, maana Maalim alijitolea na mkewe. Kila aliyeokota alasiri ya mtu aliileta siku yake, bila kukosa, akakaa na mzee tangu alasiri mpaka magharibi, akaaga kwa ukucha, akaenda zake.

Mzee Sharif aliwapenda. Aliwaeleza habari za chaza, na wao hawakumkatiza. Aliwauliza swali lile lile mara nyingi, na hawakuchoka. Majirani wakipita walimwambia Mwanahija ana bahati, kila siku ana wageni, nyumba imechangamka. Ni kweli imechangamka. Lakini kaa hawezi kushika kijiko, na hawezi kumvua mtu mzima kanzu iliyoloa. Na mzee aliposimama kwenda baharini kaa alisimama akafuatana naye, kwa kuwa naye ndiko anakokwenda. Ikabidi Mwanahija abaki pale pale, mwisho wa kamba, kumwangalia mzee na anayemwangalia mzee.

Boti ilikuwa imeshaondoka Jumanne asubuhi bila yeye. Faris alimuuliza mbona begi lake analirudisha ndani, akamwambia ameghairi. Aliingia jikoni, akakaa chini karibu na majivu, akalia kwa hasira, hasa hasira, kwa sababu hakupata wa kumkasirikia. Wote walikuwa wamemtendea vizuri.

Ilyas alitumiwa picha na sauti zote. Alizicheza kazini kwake, wenzake wakalia, na meneja wake akaomba ruhusa kuzionyesha mahali pengine. Alimpigia dadake kumwambia amejivunia watu wa kwao, mwaka ujao atatuma na kofia. Mwanahija akamwambia angekuja mwenyewe akae na baba hata mwezi. Ilyas akasema anatamani, wallahi anatamani, ila kazi, na watoto, na karatasi, na kwamba mwaka huu atazunguka ziwa mara mbili. Mwanahija alimwamini. Alijua pia kwamba kakake aliogopa kufika nyumbani akaitwa mgeni, na kwa hilo hakumlaumu, kwa sababu yeye mwenyewe kila jioni aliitwa bibi mwenye nyumba.

Layla alijifungua Ijumaa, mchana, katika chumba cha kukodi karibu na bandari ya Kismayo, akiwa na jirani mmoja aliyekuwa na haraka ya kurudi kwake. Aliyempigia Mwanahija simu ni huyo jirani. Mwanahija alipanda tangi la maji akimvuta mzee kwa kamba, pole pole, ngazi kwa ngazi, na kaa wa Ijumaa akiwafuata nyuma. Layla alikuja kwenye simu, akasema ni msichana, akasema anasikia baridi na hajui mtoto anapakatwa vipi. Mwanahija alimwelekeza kwa maneno: mkono huu chini ya shingo, huu chini ya makalio, mlaze kifuani upande wa moyo. Alikuwa anaonyesha kwa mikono yake mwenyewe, hewani, juu ya tangi.

Mtoto alikuwa analia. Mzee Sharif akainua kichwa, akauliza ni mtoto wa nani huyo. Mwanahija akamwambia ni wa Layla, wa kwanza, wa kike. Mzee akasikiliza kidogo, uso umetulia, uso wa mtu aliyelea watoto.

"Mpelekeni kwa bibi yake," alisema. "Akipakatwa na bibi yake atanyamaza."

Mwanahija akasema ndiyo baba, atapelekwa. Akaishikilia simu sikioni mpaka mtoto akanyamaza mwenyewe.